Turubai la Wakwe

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikufikia likiwa limefungia maandazi, pole sana, nitakupa kwa kifupi. Mimi ni Mektilda, mjane wa marehemu Joakim, mkazi wa Bariadi mjini. Nilikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika cha pamba mpaka soko huria lilipoingia. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, na sisi wa chama tukaambiwa tumepunguzwa, utadhani tulikuwa nywele.

Kaka wa marehemu, mzee Salu, alitaka kunirithi. Nikakataa. Akaapa kwamba sitaolewa na mwingine yeye akiwa hai, na tangu siku hiyo afya yake imekuwa nzuri ajabu.

Mimi nawe msomaji tuliachana pale nilipokiri kwamba nampenda Marcelo, karani wa mizani wa wanunuzi wapya, kijana wa Mwandoya, niliyemzidi umri kiasi cha kutosha watu kupata la kusema. Sasa unajua yote. Twende tukaaibike pamoja.

Kwanza nikueleze ajira yangu mpya. Masele, aliyekuwa dereva wa lori la chama, naye alipunguzwa. Mwenzangu hakukaa kulia. Alitafuta televisheni, deki na jenereta, akajenga banda la mabati nyuma ya soko, akaandika mlangoni VIDEO. Watu wakajaa. Shida ikawa moja: kanda zote za Kizungu, na watu wote wa Kisukuma. Kila mzungu akifungua mdomo, banda zima linauliza, "Amesemaje?"

Masele akanijia nyumbani.

"Mama Eliza, wewe umesoma kwa masista. Kizungu unacho."

"Nina Kizungu cha barua za pamba, Masele."

"Hichohicho. Kaa pembeni ya televisheni. Wakiongea, na wewe ongea."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mdomo wa wazungu wote duniani. Nimeshapigwa risasi mara nyingi, nimeshaiba benki, nimeshamtukana mkuu wa polisi mbele ya watoto wa Komunio ya Kwanza. Mzee Salu hakupinga. Mjane akisema maneno ya mwingine hana kosa, ilimradi asiseme ya kwake.

Halafu likaja suala la turubai.

Unatujua sisi Wasukuma. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali chungu kimoja, na wakikutana njiani mmoja lazima aingie kwenye majani. Sasa wiki ya kwanza ya video, bwana mmoja kutoka Mwamapalala aliingia bandani gizani, akakaa, akafungua soda. Picha ikaanza, mwanga ukatoka kwenye televisheni, akageuka kushoto. Ubavuni kwake mama mkwe wake anatafuna michembe ya viazi vikavu.

Yule bwana hakutumia mlango. Alipita ukutani. Bati la Masele mpaka leo limebenjuka pale alipotokea.

Kesho yake Masele alifunga turubai la kufunikia pamba katikati ya banda, kuanzia nyuma mpaka karibu na televisheni. Kushoto watu wa kawaida, na mimi. Kulia, mtu yeyote ambaye mkwe wake yuko kushoto. Wa kulia walinisikia bila kuniona. Sinema zote za dunia zimetengenezwa bila kufikiria jambo hilo, sisi tukalitengeneza kwa kamba ya katani.

Turubai hilo ndilo lililonimaliza. Shika hapo.

Marcelo alikuwa wa benchi la mbele, kushoto. Alikuwa ananiita dada. Ananitania. Mzungu wa kwenye picha akifa, Marcelo anapaza sauti, "Dada Mektilda, leo utakula na maiti?" Nikipita kwenye mizani yake ananipa kiti. Tunaongea mpaka wakulima wanaguna.

Ghafla, baada ya Pasaka, akabadilika.

Aliacha benchi la mbele, akahamia nyuma kabisa. Aliacha kunitania. Tukikutana njiani anashuka barabarani, anainama, anaangalia viatu vyake. "Mwadila, mayu," ananisalimu kwa sauti ya mtu anayeungama. Mama! Mimi niliyekuwa dada juzi! Nikimkaribisha ugali, ameshiba. Nikimpa mkono, anaumwa mkono. Halafu jioni analeta sukari na doti ya kanga. Haleti mwenyewe, anamtuma binti yangu Elizabeth, aliyemaliza kidato cha nne na sasa anauza soda na karanga mlangoni kwa Masele.

Nikampelekea kesi jirani yangu Nyanjige. Nyanjige ameolewa mara tatu, kwa hiyo mtaani kwetu ndiye mtaalamu. Tulikuwa tunachambua choroko uani kwake.

"Anakukwepa macho?" akauliza.

"Kabisa."

"Mkono hatoi?"

"Hatoi."

"Kanga ameleta?"

"Ninayo mwilini, hii hapa."

Nyanjige akapepeta ungo mara mbili, akacheka mpaka choroko zikamwagika. "Mama Eliza, huyo kaisha. Mwanaume asiyekutaka anakutazama tu kama anavyotazama mbuzi. Huyo anaogopa macho yake yatamsema."

"Na hilo la kuniita mama?"

"Anawapoteza watu maboya. Wamsikie anakuita mama, wasijue."

Nakuomba usicheke bado. Utacheka baadaye na mimi nitakuwa nakuona. Wewe jiulize: mwanamke aliyezaliwa Shishiyu, aliyekulia kwenye heshima za wakwe, alishindwaje kuona kilichokuwa mbele yake? Nitakuambia. Nilikuwa mpweke. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza nimelalaje. Mtu alipoanza kutetemeka mbele yangu, sikutaka sababu nyingine zaidi ya ile niliyoitaka mimi.

Sasa, Masele alikuwa ameleta kanda moja ya ajabu. Alidanganywa Mwanza kwamba ni ya vita. Kumbe ni habari ya mwanamke mjane, karani wa posta katika mji mdogo wa huko baridini. Anaishi na wifi yake, ambaye kila usiku anapita kuhakikisha taa ya mjane imezimwa. Anakuja fundi wa kutengeneza kinanda cha kanisa. Mjane anampenda fundi. Fundi, hatujui. Wanakunywa chai. Wanaangalia dirishani. Basi.

"Hakuna hata ngumi moja!" Masele alilalamika. "Nirudishe pesa za watu?"

Hakurudisha kitu. Mji mzima ulikuja. Akina mama wa kwaya walikuja na vitenge vya kulilia. Theluji ilipoanza kuanguka nikawaambia ni barafu, wakakataa, wakasema ile ni pamba, na mzee mmoja akaumia sana kwamba imeachwa chini bila kuvunwa. Lakini yule mjane walimwelewa. Watu ambao wakinikuta nimesimama na mwanaume dukani wanampelekea taarifa Salu kabla sijapewa chenji, walimlilia mjane wa Kizungu kwa kwikwi. "Maskini, kwa nini wasimwache apende?" walisema, wakipenga makamasi. Halafu wakitoka nje wananitazama kanga yangu mpya.

Mwisho wa picha ile uko kituo cha treni. Fundi anaondoka. Mjane amesimama, anamtazama. Hasemi kitu. Treni inapiga honi, bado hasemi kitu. Inaondoka. Mwisho.

Ukimya huo ulinipa taabu. "Mektilda, amesemaje?" "Hajasema." "Atakuwaje hajasema na treni inaondoka?" Siku zote niliokoa jahazi kwa kusema, "Anasema safari njema." Wakaridhika.

Tufike Jumapili yenyewe.

Baada ya misa, Salu alinisimamisha nje ya kanisa. Amevaa koti. Salu akivaa koti ujue kuna mtu ataumia.

"Jioni nitakuja kwako na wageni," akasema. "Kuna neno la ndoa katika nyumba yako. Pika chai."

"Ndoa ya nani, shemeji?"

"Pika chai, nimesema."

Akaondoka. Ndoa katika nyumba yangu! Nikajua tu: ameshindwa kunirithi, amekimeza kiapo chake, sasa ameniletea mzee mwenzake, fulani wa ukoo asiye na meno, na ng'ombe wameshakubaliana. Jioni wataketi, wataniambia nimeshasema ndiyo. Nilikuwa na mchana mmoja wa kumwambia Marcelo. Lakini nimwambie wapi? Njiani anaingia kwenye majani. Mizani Jumapili imefungwa. Nyumbani kwangu haingii.

Alikuwa anakuja sehemu moja tu. Bandani.

Nilipofika, Elizabeth alikuwa mlangoni na sinia lake la karanga. Amesuka nywele upya, amevaa gauni la kanisani. Nikamwambia amependeza. Akainama, akasema, "Asante, mama." Huo nao ulikuwa mwanga wa kutosha kwa mtu mwenye macho.

Nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri kuliko siku zote. Mjane akamwaga chai, nikamwaga. Wifi akagombeza, nikagombeza kwa sauti ya Salu, watu wakacheka. Nyuma kabisa niliona kofia ya Marcelo.

Tukafika kituo cha treni. Mjane akasimama. Ukimya.

"Amesemaje?" likauliza banda.

"Anasema," nikaanza, na sauti yangu haikuwa yangu. "Anasema, tangu ulipokuja mji huu natafuta sababu ya kupita unapofanyia kazi. Sina hata gunia moja la pamba, lakini kila siku napita kwenye mizani yako."

"Mizani?" akauliza yule mzee wa theluji. "Si fundi wa kinanda huyu?"

"Kinanda nacho kinapimwa!" Masele akamkemea kutoka kwenye jenereta. "Tulia, mzee!"

Nikaendelea. Ningenyamaza ningekufa.

"Anasema, nimelala peke yangu mpaka kitanda kimesahau upande wa pili. Shemeji yangu ananilinda kama askari wa ghala la chama, na ghalani hamna kitu, nimo mimi tu. Anasema, sitaki mali. Nataka mtu wa kuniuliza jana nilikula nini. Anasema, nakupenda. Kama na wewe unanipenda, usiseme neno. Simama tu."

Bandani hakuna aliyetafuna. Treni ikapiga honi.

Na Marcelo akasimama.

Wewe hujui furaha. Unadhani unaijua, lakini hujawahi kuona kofia ile ikiinuka kutoka benchi la nyuma. Nikasema moyoni, Joakim, unisamehe, mwenzio naolewa.

Marcelo akavua kofia. Akajifunika nayo uso. Akainama kiunoni, akapita mbele za watu kama mtu anayepita mbele ya altare, akafika kwenye turubai. Akalinyanyua. Akaingia upande wa kulia.

Turubai likashuka nyuma yake.

"Hee!" akasema bibi mmoja wa kwaya. "Kumbe yule karani ana mkwe humu ndani?"

Akina mama wote wenye mabinti wakaanza kuangaliana. Ni fulani? Siye. Ni fulani? Huyo binti yake bado anacheza rede. Macho yakazunguka benchi kwa benchi, taratibu, na yalipomaliza mabenchi yote yakaja kutua kwenye kigoda changu.

Nikamtafuta Nyanjige. Alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mama Eliza," akasema kwa sauti ndogo iliyosikika mpaka sokoni. "Hakutazami. Hatoi mkono. Hali kwako. Kanga. Mama. Jamani, watu wa Mwandoya wanaanza heshima hata kabla hawajaleta ng'ombe!"

Nikageuka mlangoni. Elizabeth amesimama na sinia. Karanga zinamwagika moja moja na yeye hazioni.

Masele, Mungu ambariki, akazima jenereta.

Tulirudi nyumbani mimi na mwanangu. Nilipofunga mlango ndipo nikauliza.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka, mama."

"Na mimi nilikuwa nani katika nyumba hii? Paka?"

"Baba mkubwa alinikataza. Alisema mambo ya ng'ombe ni ya wanaume, yeye ndiye atakuambia siku ikifika." Akaweka sinia chini. "Nilitaka kukuambia. Kila nilipoleta kanga nilitaka kukuambia. Lakini ulikuwa unafurahi sana."

Pale nikakaa chini. Mtu anaweza kuvumilia mengi, lakini siyo kuhurumiwa na mtoto aliyemnyonyesha.

"Unampenda?" nikauliza.

"Ndiyo." Halafu akanitazama. "Mama, yale maneno ya kituoni yalikuwemo kwenye sinema?"

"Umechemsha maji? Wageni wanakuja."

"Nimesimama mlangoni pale kila siku tangu picha ile ifike. Nimeiona yote. Pale hakuna maneno."

Nikamwambia aoshe vikombe.

Jua lilikuwa linazama walipofika. Salu na koti lake, na mshenga kutoka Mwandoya, mzee mmoja mpole anayeitwa Constantine, ambaye hakuwa bandani na hakujua lolote. Marcelo hakuingia. Hawezi kuingia mbele ya mama mkwe. Alibaki nje ya ua, nyuma ya minyaa, kama heshima inavyotaka.

Salu alikuwa ameshapata habari za bandani, maana Bariadi habari hazihitaji basi. Macho yake yalinichoma. Lakini mbele ya mgeni alitabasamu.

"Mimi baba wa binti nimekubali," akasema. "Binti amekubali. Mama hana neno. Tunywe chai tumalize."

"Sisi kwetu mama hulitoa kwa mdomo wake," akasema mzee Constantine. "Bila neno la mama hatufungui zizi." Akanigeukia kwa adabu. "Mayu, tunasubiri neno lako. Ila kwanza kijana amenituma swali. Mimi sijui maana yake, nauliza kama nilivyotumwa."

"Uliza," nikasema.

"Anasema hivi. Yale uliyoyasema leo kwenye video, yalikuwa ya yule mwanamke wa Kizungu, au yalikuwa ya kwako?"

Elizabeth alikuwa anamimina chai. Chai ikapita kando ya kikombe, ikatiririka mezani, ikamfikia Salu kwenye koti. Hakuna aliyefuta.

"Swali gani la kipumbavu!" Salu akafoka. "Jibu kwamba ni ya sinema, tumalize!"

Ni kweli, lilikuwa jibu rahisi. Ya sinema. Nikitamka hivyo mwanangu anaolewa, na mimi nakuwa mama mkwe wa Marcelo mpaka nife. Sitamtazama usoni tena. Tutapishana njiani, yeye kwenye majani, mimi barabarani. Na nikisema ni ya kwangu, huyu mtoto aliyeshika birika atanitazama vile anavyonitazama sasa, maisha yake yote.

Lakini aliuliza kwa nini? Mtu anayetaka binti tu, angeuliza?

Mwaka mzima nimesema maneno ya watu wengine. Nikatafuta mzungu wa kujificha nyuma yake, nikakosa.

"Mzee Constantine," nikasema, "mwambie aje hapa ndani. Aniulize mwenyewe, ananitazama usoni."

"Mektilda!" Salu akasimama. "Mkwe wako!"

"Sijatoa neno, shemeji. Bado si mkwe wa mtu."

Elizabeth akaweka birika chini. "Mama," akasema. "Mama, usifanye hivyo."

Nikamsikia. Naapa nilimsikia. Mzee Constantine alikuwa ameshatoka mlangoni, na sote tukatega masikio kuelekea uani.

Nyuma ya minyaa, viatu vikaanza kutembea.